Ramani Ilinipeleka Kwenye Makaburi ya Wengine

Siku tatu kabla ya kufariki, baba alituita kitandani, nyumbani kwa dada yangu Mbagala, akasema tumtafute babu. Babu alizikwa bondeni Rufiji, na baba tangu alipohamishwa huko akiwa kijana wa miaka 17 hakurudi tena kulipalilia kaburi. Alitaka tufike, tusafishe, tumsomee. Tuliitikia sote. Baada ya arubaini kazi ikaniangukia mimi, maana nafundisha Jiografia sekondari na kwa miaka 14 nimewafundisha wanafunzi kusoma ramani. Kaka yangu alisema, "Mwalimu atalipata." Nami niliamini hivyohivyo.

Nayasimulia haya pamoja na sehemu zinazoniuma, kwa sababu najua si familia yetu peke yake. Rufiji nzima imejaa watu ambao babu zao walibaki bondeni.

Kwa asiyejua, watu wa Rufiji zamani waliishi ndani ya bonde lenyewe la mafuriko, juu ya kingo zilizoinuka kidogo kando ya mto na mikondo yake. Walipanda mpunga, mto ukapanda nao. Maji yakishuka walilima mlau, yaani mahindi, kunde na pamba juu ya tope jipya lililoachwa na mto. Shambani walikuwa na dungu, kibanda cha juu ya nguzo, cha kulindia mazao dhidi ya nguruwe na kiboko na cha kukimbilia maji yakizidi. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na mpaka 1969 watu walikuwa wametolewa bondeni na kupelekwa kwenye ardhi ya juu, wengine kaskazini, wengine kusini. Sisi tuliangukia kaskazini, upande wa Ikwiriri. Nyumba zilibomolewa, miembe ikabaki, na makaburi yakabaki.

Nilianza na ramani. Rafiki mwalimu alikuwa na nakala ya karatasi ya 1:50,000 ya eneo letu, zile ramani za topografia ambazo kila aliyesoma Jiografia kidato cha tatu amezipimia umbali kwa uzi. Nililipa shilingi 2,000 kutoa nakala ya nakala. Kwa wiki mbili nilipima, nikahesabu, nikaandika. Kisha siku moja niliweka rula juu ya mraba wa gridi. Kwenye skeli hiyo kilomita moja lazima iwe sentimita 2 kamili. Yangu ilikuwa sentimita 2.3. Mtu fulani huko nyuma aliikuza ili ijae kwenye karatasi yake, na kila umbali niliokuwa nimeuandika ulikuwa na makosa. Kwa hiyo usiguse kalamu kabla ya kupima mraba wa gridi kwa rula, wa kulala na wa kusimama, kwa sababu mashine nyingine za nakala huvuta upande mmoja tu.

Niliacha ubahili nikaenda kununua karatasi halisi Idara ya Upimaji na Ramani. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli niliyotumia kuifuata. Ukienda, usiombe "ramani ya Rufiji", maana Rufiji ni karatasi nyingi. Karatasi hizi zina namba, kisha mkwaju, kisha tarakimu ya 1 hadi 4: 1 ni kona ya kaskazini magharibi, 2 kaskazini mashariki, 3 kusini magharibi, 4 kusini mashariki. Kila moja inafunika dakika 15 za latitudo kwa 15 za longitudo, kama kilomita 27 na nusu kila upande. Nenda na longitudo na latitudo ya kijiji cha karibu, na uwe na pesa ya karatasi mbili, kwa sababu mara nyingi unachokitafuta kiko pembeni na jirani yake iko kwenye karatasi nyingine.

Usiku ule niliitandaza kwenye meza ya chakula. Sikutegemea kulia kwa sababu ya ramani. Ile kazi ilifanywa kwa picha zilizopigwa na ndege, na idara ya Uingereza iliyokuwa ikichora ramani za makoloni, iliyoitwa Directorate of Overseas Surveys tangu 1957, ilizichora ofisini kwao Tolworth. Picha za karatasi yangu zilipigwa kabla watu hawajahamishwa. Kwa hiyo nyumba zipo. Kila kibanda ni kidoti cheusi, na vidoti vimejipanga juu ya kingo kama shanga kwenye uzi, na njia za miguu zinakatiza kutoka bwawa mpaka mtoni. Sehemu ambayo mimi nimeijua maisha yangu yote kama pori la matete ilikuwa na watu. Kimojawapo cha vidoti vile kilikuwa chumba alichozaliwa baba.

Lakini kipi? Jina la kitongoji alilolitaja baba halikuwemo popote kwenye karatasi. Nilitafuta kwa miezi. Nilipata hata nakala ya ramani ya Wajerumani ya 1:300,000, iliyochorwa na Sprigade na Moisel, ambayo mto umeandikwa Rufidji, nayo haikunisaidia: kwa skeli hiyo milimita moja ni mita 300, na kitongoji cha nyumba kumi hakina pa kukaa. Mwishowe nilimfuata baba mdogo, nikamtandazia ramani yangu, nikamwonyesha kundi la vidoti nililolishuku. "Hapa ndipo, baba?" Akaangalia muda mrefu. "Ndiyo, ndipo." Nikamwonyesha bwawa. "Ndilo." Nikamwonyesha njia. "Ndiyo yenyewe."

Alikuwa na miaka minane walipohama, na miwani yake alikuwa ameisahau. Alinikubalia kwa mapenzi, kwa sababu niliweka jibu mbele yake kabla ya swali. Hilo sitalirudia tena kwa mzee yeyote.

Septemba 2022 tulikwenda watu 11. Tulikodi gari dogo, tukabeba mchele, ubani na mbuzi, tukamchukua na sheikh. Tulitumia kama shilingi 640,000, karibu zote michango ya ndugu ambao kipato chao nakijua. Kutoka ukingo wa bonde tulipanda bodaboda, kisha tukatembea. Nilikuwa nimesoma namba za gridi kwenye karatasi kwa uangalifu wote, nikaziingiza kwenye simu, na simu ikawa inatuongoza kwenye nyasi zilizotupita kichwa. Tulipofika penye alama, palikuwa na miembe miwili mikubwa na matuta manne yaliyolazwa mashariki na magharibi, kama makaburi yetu ya Kiislamu yanavyolazwa.

Kitu kimoja hakikukaa sawa. Kwenye ramani, kutoka kwenye vidoti vyetu mpaka ukingo wa mto ni milimita 14, yaani mita 700. Pale tulipokuwa, mto ulikuwa kama mita 350 tu. Niliona. Nikajiambia mto umesogea, maana Rufiji husogea. Maelezo yale yalikuwa ya kweli, mto ulikuwa umesogea, na ndiyo maana yalinifumba macho. Ukweli mmoja ulifunika kosa jingine, na sikujiuliza kama umesogea kiasi kile au zaidi.

Tulipalilia. Sheikh alisoma Yasin. Shemeji yangu alichanganya saruji, tukasimika kibao chenye jina la babu. Watu walilia, dada yangu alilia mpaka akakaa chini. Tulikuwa tunafunga vyombo alipotokea mama mmoja mtu mzima, jembe begani, na mjukuu wake nyuma. Alisalimia vizuri. Akatazama matuta, akatazama kibao.

"Jamani, Mungu awalipe kwa dua," akasema. "Lakini hao ni wazee wetu. Ninyi ni kina nani?"

Tulipojieleza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo bado nayasikia: "Basi hicho kibao king'oeni. Leo ni kibao, kesho mtakuja na hati."

Nilitaka ardhi initafune. Nilidhani nimebeba huzuni yetu tu, kumbe mbele ya macho yake nilikuwa mtu wa mjini mwenye karatasi ya serikali mkononi, na bondeni mtu wa namna hiyo anaogopwa kwa sababu. Shamba la mlau halina ukuta wala bikoni. Mpaka wake uko kwenye vichwa vya majirani. Suala lilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji, likachukua siku mbili. Tuling'oa kibao, tukaomba radhi mbele ya watu, na yule mama alitusamehe, Mungu ambariki yeye na kizazi chake.

Kabla ya kukanyaga bonde, basi, nenda ofisi ya kijiji na barua. Andika kwamba unatafuta makaburi na hudai shamba, umwachie mtendaji nakala. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Hakimiliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji, na kidoti kwenye ramani ya zamani hakimpi mtu umiliki wa mahali ambapo wengine wanalima leo. Nimeshaulizwa na watu kama ramani kama yangu inaweza kuwasaidia "kurudisha shamba la babu". Nawajibu ukweli: inaonyesha kwamba palikuwa na nyumba, haionyeshi ya nani. Anayeibeba ili kumtoa mlimaji anaanzisha ugomvi ambao hata Baraza la Ardhi la Kijiji litachoka kuusuluhisha.

Nilirudi Dar es Salaam sisemi na mtu. Baada ya wiki kadhaa nilimpigia kijana mmoja niliyemfundisha, sasa ni mpimaji. Alikuja na kompyuta yake, akaitazama karatasi, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, simu uliiweka kwenye datumu gani?"

Nilikuwa nimelifundisha darasa baada ya darasa kusoma namba za gridi za tarakimu sita, na swali hilo sikuwahi kuulizwa wala kuuliza.

Alinieleza hivi. Namba za ramani huhesabiwa kuanzia umbo fulani la dunia ambalo wapimaji wamekubaliana, na hiyo ndiyo datumu. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zinahesabu kwa Arc 1960, iliyosimama juu ya vipimo vya dunia alivyovitoa Clarke mwaka 1880. Simu inahesabu kwa WGS 84. Namba ni zilezile, gridi inaitwa UTM pande zote, lakini zinaangukia sehemu mbili tofauti. Kwetu Rufiji, ukichukua namba za karatasi ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, simu itakupeleka karibu mita 300 kaskazini ya mahali penyewe na karibu mita 100 magharibi. Maandishi haya yapo pembezoni mwa karatasi, kwa herufi ndogo, chini. Nilikuwa nimesoma kila kitu ndani ya fremu na kupuuza kila kitu nje yake.

Kuzigeuza si kazi ngumu. Kwenye QGIS, programu ya bure, unaipa karatasi yako namba ya mfumo 21037 kama uko mashariki ya longitudo 36, ambako ndiko Rufiji iliko, au 21036 kama uko kati ya longitudo 30 na 36. Halafu unaiambia programu ikupe majibu kwa WGS 84. Karatasi iskaniwe kwenye mashine pana ya kupitishia michoro, kule wanakochapa ramani za majengo. Usiipige picha kwa simu. Lenzi hupinda kingo. Na unapoifunga kwenye namba zake usishike kona nne tu. Shika na makutano ya gridi ya katikati, kwa sababu karatasi ya miaka 50 imeshasinyaa na kuvimba na masika mengi. Hata ukifanya yote sawasawa, kumbuka kwamba milimita moja ni mita 50. Wino wa kidoti peke yake unafunika makumi ya mita. Ramani ya aina hii itakufikisha kwenye mtaa, na nyumba utaulizia.

Nani sasa wa kumuuliza? Hapa ndipo penye kosa ninalolionea haya kuliko la datumu. Tulikuwa tumezunguka kwa wazee wanaume watano. Dada mkubwa wa baba, shangazi yetu, yuko hai, akili timamu, na alikuwa tayari mke wa mtu walipohamishwa. Hakuna aliyekwenda kwake. Aliolewa ukoo mwingine, kwa hiyo tulimweka upande wa harusi na misiba tukamsahau upande wa elimu. Nilipofika nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama: "Nilisikia mmekwenda kumzika baba yangu mara ya pili. Mimi mliniuliza?"

Sikuwa na la kusema. Nilimshika miguu.

Safari hii ramani ilibaki kwenye begi. Nilimwomba anieleze alfajiri moja ya utoto wake, kuanzia kuamka. Alichukua kijiti, akachora uani. Hapa mlango. Hapa njia ya kuchotea maji, kwa sababu maji ya kunywa walichota bwawani, mtoni wakiogopa mamba. Hapa njia inagawanyika, mkono huu inakwenda kwenye kivuko cha mitumbwi, mkono huu kwenye dungu la mjomba. Umbali hakuutaja kwa mita. Alisema, "Ukiita kutoka kwetu, wa kwao anaitika," au, "Ukiita, husikiwi." Mwembe mmoja mkubwa nyuma ya nyumba. Kaburi la babu upande wa machweo ya mwembe, hatua ishirini za mtu mzima.

Nilipomtajia jina lililochapwa karibu na vidoti vyetu, alicheka. Lilikuwa jina la jumbe. Kitongoji kilikuwa na jina lake, lile alilolijua baba, lakini waliokuja kuuliza majina waliambiwa hapa ni kwa fulani, wakaandika fulani. Herufi moja ilikuwa imegeuzwa pia, L ikawa R. Kama jina la kwenu halimo kwenye karatasi, ulizia majina ya majumbe na wazee maarufu wa enzi hizo, kisha badilisha L na R uone.

Ndipo nikatoa ramani, nikaiweka kando ya mchoro wa vumbi. Mgawanyiko wa njia ulikuwepo. Bwawa lilikuwepo. Kundi la vidoti lilikuwa lilelile tulilolichagua na baba mdogo. Vidoti tulivipata sawa, ardhi ndiyo tuliyoikosea.

Kabla ya safari ya pili nilifanya jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza, nikaufuatilia mto wenyewe. Ramani inauonyesha Rufiji wa majira fulani tu. Wapigaji picha za anga hupenda kiangazi, mbingu zikiwa wazi, kwa hiyo mto uliochorwa ni mto mwembamba wa maji kidogo. Tena ukiwa kwenye kona, maji hukimbia upande wa nje na kuula ukingo, na upande wa ndani hupoa na kuacha mchanga. Kona inatembea. Ikizidi kujikunja, mto hukata njia ya mkato na kuacha bwawa. Picha za setilaiti za Landsat zinapatikana bure. Zile za kuanzia 1984 kila nukta yake ni mita 30. Za Sentinel-2, kuanzia 2015, nukta ni mita 10. Nilichora ukingo wa kila kipindi juu ya ramani yangu. Kona yetu ilikuwa inakuja kaskazini, kidogokidogo, na mstari wa mwisho ulikuwa karibu kabisa na mwembe wa shangazi. Mita 300 zilizokosekana zilikuwa zinaonekana pale mezani.

Na usitegemee kontua, ile mistari ya mwinuko, ndani ya bonde. Kwenye ramani hizi zinapishana kwa futi 50 au mita 20 kutegemea toleo. Kingo walizoishi watu zimeinuka mita chache tu, kwa hiyo kwenye karatasi bonde lote ni tupu na tambarare, na huoni kwa nini nyumba zimejipanga mstari. Mstari wa nyumba ndio unaokuonyesha mwinuko.

Septemba 2023 tulikwenda watu wanne, na barua. Shangazi alipanda bodaboda akiwa amefungwa kanga kiunoni na kijana wa nyuma akimshikilia, kisha tukamvusha kwa mtumbwi kwenye mkondo wa zamani. Nilishika simu, lakini tulipofika karibu sikuitazama tena. Alilitambua bwawa kabla yetu. "Hapa tulikuwa tunachota," akasema, na akaanza kutembea haraka kuliko nilivyodhani anaweza. Mwembe ulikuwepo. Upande wa machweo, hatua ishirini zake zikawa ishirini na sita, kwa sababu amezeeka na hatua zimefupika, kulikuwa na tuta moja lililokaribia kuwa sawa na ardhi, na jiwe la kichwani ambalo haliwezi kuwa limefika pale kwa maji, maana bondeni hakuna mawe.

Hakulia. Alitazama upande wa mto, ambao sasa ulikuwa palepale, maji ya rangi ya chai yakizunguka chini ya ukingo uliomeguka. "Mto ulikuwa kule," akasema, akionyesha ng'ambo, mbali, nyuma ya mivumo. Shamba la mpunga la mama yake lilikuwa ndani ya maji tuliyokuwa tukiyatazama.

Nilipima kwa futi ya mafundi kutoka shina la mwembe mpaka ukingo. Mita 44.

Shemeji alitaka kulijengea kaburi kwa saruji. Mtendaji wa kijiji alitueleza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hizo mita huhesabiwa kutoka ukingo wa leo. Ramani yangu yenye mita 700 haikuwa na la kusema. Tulipalilia tu, tukapanga magogo ya mvumo kuzunguka tuta, sheikh akasoma. Siku hiyo yule mama wa mwaka jana alikuja, kwa sababu tulimwarifu. Alileta uji.

Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliikumba Rufiji. Nilikaa wiki nyingi nikitazama picha zenye mawingu, sioni kitu. Tulipoweza kufika, tuta lilikuwepo, limefunikwa tope jipya, na magogo yetu yameondoka na maji. Mita 35.

Sasa familia ina mjadala. Sheikh ametuambia kwamba ikihofiwa maji yatalichukua kaburi, inajuzu kumhamisha marehemu. Kaka yangu anataka tufanye mwaka huu. Baba mdogo hataki kusikia. Anasema babu alimjua mto na mto unamjua. Nimewachorea mistari yote ya ukingo kwenye karatasi moja, kila mmoja na mwaka wake, ili tubishane tukitazama kitu kimoja. Naona ni lazima tuhame naye kabla ya masika mbili au tatu zijazo, na nimewaambia hivyo.

Septemba 2025 nilikwenda na mwanangu tu. Mita 33. Shangazi safari hii hakuweza, miguu imekataa, kwa hiyo nilimpigia simu nikiwa nimeegemea shina. Nilianza kumsomea vipimo, akanikatiza.

"Umechanua?"

Nikaangalia juu. Nikamwambia umechanua, mpaka matawi ya upande wa mtoni.